Muuguzi Mwenye Familia: Asomee Utaalamu Maalumu au Abaki wa Kila Kazi?

Mwezi huu tunajibu swali tulilopewa na wauguzi watatu wa mkoa wetu wa Mara. Mmoja anafanya kazi katika hospitali mjini Musoma, wa pili yuko Bunda, na wa tatu yuko katika zahanati ya kijiji wilayani Butiama. Wote watatu wameolewa na wana watoto, wote wana stashahada kama sisi, na wote wamefika njia panda ile ile. Je, waende kusomea tawi moja la uuguzi, au waendelee kuwa wauguzi wa kila kazi, leo wodi ya wanaume, kesho leba, keshokutwa kliniki ya watoto?

Wewe ambaye si muuguzi, usifunue ukurasa mwingine. Huenda binti yako yuko kidato cha nne na anapenda sayansi. Huenda wifi yako ndiye anayetaka kwenda Moshi au Dodoma kusoma, nawe ndiye utakayeachiwa watoto. Zaidi ya hayo, sote tu wagonjwa watarajiwa. Uamuzi ambao muuguzi na mumewe wanaufanya mezani kwao ndio unaoamua ni nani atakayesimama kando ya kitanda chako siku utakapolazwa.

Jibu letu tunalitoa mapema, lisije likapotea katikati ya maneno mengi. Usianze kwa kuchagua kozi. Anza kwa kumchagua mgonjwa. Mjue kwanza mgonjwa unayetaka kumhudumia kwa miaka kumi ijayo, ujue na mahali alipo, ndipo utafute chuo kitakachokufundisha kumhudumia vizuri. Wengi hufanya kinyume. Husikia kwamba kozi fulani ina soko, hujaza fomu, husoma kwa taabu na kwa deni, halafu hurudi mahali ambapo hakuna wodi hiyo, hakuna vifaa, wala hakuna mgonjwa wa aina hiyo. Tumewaona waliosomea wagonjwa mahututi wakirudi na kupangiwa kuandika kadi mapokezi. Ujuzi usiotumika huota kutu kama jembe lililosahauliwa uani.

NGAZI NA NJIA ZA PEMBENI

Kwanza tuelewane juu ya ngazi zenyewe. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu masomo ya sayansi husoma miaka 3 kupata stashahada ya uuguzi na ukunga. Ukunga umo ndani yake. Kwa hiyo mwenye stashahada amefundishwa kuzalisha, pamoja na kuhudumia wagonjwa wa kawaida. Juu yake iko shahada ya kwanza, ambayo hufundishwa katika vyuo vikuu kama Muhimbili, Kairuki, KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza na Chuo Kikuu cha Dodoma. Juu ya hiyo iko shahada ya uzamili, na hapo ndipo matawi hugawanyika waziwazi. Pale Muhimbili, kwa mfano, kuna uzamili wa uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, uzamili wa uuguzi wa afya ya akili, na uzamili wa ukunga na afya ya wanawake. Mwenye stashahada hawezi kurukia huko moja kwa moja. Hana budi apitie shahada ya kwanza.

Lakini pembeni mwa ngazi hiyo ziko njia nyingine, nazo ndizo zilizowafaa wengi wetu kwa miaka mingi. Dodoma iko Hospitali ya Mirembe, iliyoanza mwaka 1927, ambayo imekuwa shule ya wauguzi wa magonjwa ya akili. Moshi iko KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ambako wauguzi wamesomea huduma ya macho na kazi ya kumlaza mgonjwa usingizi kabla ya upasuaji. Mwanza iko Bugando, nayo ilifunguliwa mwaka 1971, na ndiko wagonjwa wetu wa Mara wanakopelekwa hali ikizidi.

Halafu kuna mafunzo mafupi ya kazini, ya siku au majuma machache. Haya msiyadharau. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ina muda wake, na muuguzi hatakiwi kukaa na yale yale aliyofundishwa chuoni mpaka astaafu. Ila muelewe jambo moja: cheti cha mafunzo mafupi huongeza ujuzi, lakini si lazima kiongeze cheo wala mshahara. Ukitaka kupanda daraja, uliza kwa maandishi ni elimu gani inayotambuliwa katika muundo wa utumishi wako, usitegemee maneno ya kwenye kibaraza.

MWENZETU WA MUSOMA NA WATOTO WACHANGA

Mwenzetu wa Musoma amepangwa mara nyingi katika wodi ya wazazi, na moyo wake umeangukia kwa watoto wachanga. Anaona aibu kusema, kwa kuwa wenzake humwambia, “Watoto wachanga kila mkunga anawajua, una haja gani ya kuwasomea?”

Sisi tunamwambia asione aibu, na tuna hesabu za kumtetea. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila vizazi hai 100,000 akina mama 556 walifariki kwa sababu za uzazi. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha idadi hiyo imeshuka hadi 104. Ni jambo la kumshukuru Mungu, na la kuwashukuru wakunga pia. Lakini tazameni upande wa mtoto. Katika chunguzi hizo hizo, watoto waliokufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja walikuwa 25 katika kila vizazi hai 1,000. Mwaka 2022 walikuwa 24. Mama ameponywa, mtoto amebaki nyuma.

Sababu zake tunazijua sote tuliofanya kazi leba. Mtoto huzaliwa hajalia kwa kukosa hewa, au huzaliwa kabla ya miezi yake, au huingiwa na vijidudu. Mtoto ambaye hajalia ana muda mfupi mno. Katika dakika ile ya kwanza lazima akaushwe, asuguliwe mgongo, asafishwe njia ya hewa ikiwa imeziba, na asipopumua apulizwe hewa kwa kifaa chenye barakoa. Hakuna nafasi ya kumwita mtu kutoka wodi nyingine. Aliyepo ndiye daktari wake, ndiye mashine yake, ndiye maisha yake.

Hapa tuna ushahidi wa nchini mwetu wenyewe. Kuanzia mwaka 2009 hospitali 8 za Tanzania zilijaribu mafunzo mepesi ya kumsaidia mtoto kupumua, na taarifa iliyotolewa mwaka 2013 ilionyesha kuwa vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, yaani karibu nusu. Wala hawakutumia mitambo mikubwa. Walitumia mikono iliyofundishwa.

Tena liko fundisho la pili, nalo latoka Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara. Mwaka 2010 wahudumu wa pale walipewa mafunzo hayo kwa siku moja. Walipopimwa kwa mwanasesere walifanya vizuri, lakini walipofika kwa mtoto halisi kazi haikubadilika. Ndipo hospitali ikaanzisha mazoezi mafupi ya dakika chache tu, kila juma, pale pale wodini. Vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 katika kila watoto 1,000.

Mmeona, akina mama? Utaalamu ni kitu ambacho mkono umekifanya mara nyingi hadi hautetemeki, hata kama hakuna karatasi yake ukutani. Kwa hiyo tunamwambia mwenzetu wa Musoma: kama utaweza kusoma, soma. Lakini kabla ya chuo, mwombe Muuguzi Mkuu wa hospitali akuache katika wodi hiyo hiyo bila kuhamishwa kila baada ya miezi mitatu. Muuguzi anayezungushwa kama tiara hajengi ujuzi wowote. Hata bila fomu ya chuo, miaka miwili ya kukaa na watoto njiti, kuwafundisha mama zao kuwabeba kifuani ngozi kwa ngozi na kuwakamulia maziwa, ni shule kubwa.

MWENZETU WA BUNDA NA CHUMBA CHA UPASUAJI

Bunda, kama mjuavyo, imekaa kwenye barabara kuu itokayo Mwanza. Huko hufika majeruhi wa mabasi na pikipiki, na hufika pia akina mama wa upande wa Kisorya, kule kunakovuka kivuko cha kwenda Ukerewe. Mwenzetu wa Bunda amevutiwa na kazi ya usingizi, yaani kumchoma mgonjwa sindano ya mgongo au kumlaza kabisa, kulinda pumzi yake na kupima mapigo ya moyo mpaka upasuaji uishe.

Tunamtia moyo, kwa maana hitaji ni kubwa. Kuanzia mwaka 2017 Serikali ilikarabati na kujenga mamia ya vituo vya afya nchini ili viweze kumfanyia mjamzito upasuaji wa dharura huko huko aliko. Lakini chumba kizuri cha upasuaji, chenye taa na kitanda kipya, hakina faida kama hakuna mtu wa usingizi. Daktari atasimama na kisu chake mkononi, na mama atapakiwa kwenye gari aende mbali, naye mtoto amechoka tumboni. Katika nchi yetu kazi hiyo imefanywa kwa sehemu kubwa na wauguzi na wahudumu wengine wasio madaktari, na bado hawatoshi.

Hata hivyo tunataka aingie macho wazi. Utaalamu ulio adimu humfunga aliye nao. Katika hospitali yenye watu wa usingizi mmoja au wawili, simu italia saa nane za usiku, tena siku mume amesafiri na mtoto ana homa. Huwezi kusema, “Mwiteni mwingine,” maana mwingine hayupo. Sikukuu zitapita ukiwa na kofia ya kijani kichwani. Tunawajua wenzetu waliorudi kutoka masomoni kwa furaha, na baada ya miaka mitatu wakaomba kurudishwa wodi ya kawaida kwa uchovu, si kwa sababu hawaipendi kazi.

Kwa hiyo swali la kumwuliza mwajiri kabla ya kuondoka ni hili: nitakaporudi, tutakuwa wangapi? Kama jibu ni “wewe peke yako,” basi ombeni wawili waende, mmoja baada ya mwingine. Hilo si uvivu. Mtu aliyechoka hapaswi kushika pumzi ya mtu mwingine.

MWENZETU WA BUTIAMA NA ZAHANATI

Sasa twende kwa mwenzetu wa Butiama, ambaye swali lake limetugusa kuliko yote. Anaandika kwamba wenzake waliosoma naye wamekwenda juu, naye anaona kama amebaki kuwa nesi wa kijijini tu.

Neno hilo “tu” ndilo tunaloligomba. Butiama ndiko alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, na ndiko alikozikwa mwaka 1999. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali yake ilichagua kuelekeza nguvu katika zahanati na vituo vya afya vya vijijini, badala ya kumaliza fedha zote kwenye hospitali kubwa za mijini. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakafundishwa kuchimba vyoo na kujikinga na malaria. Fikra ilikuwa moja: mgonjwa wengi wao wako kijijini, kwa hiyo tiba iwafuate huko. Mwaka 1978 mataifa yalipokutana Alma-Ata kuzungumza juu ya afya ya msingi, hilo halikuwa jambo geni kwetu.

Hebu tuhesabu kazi ya siku moja ya muuguzi wa zahanati. Asubuhi anapima wajawazito. Anachanja watoto na kuwapima uzito. Anatoa ushauri wa uzazi wa mpango kwa mama ambaye mumewe hataki kusikia. Anamfuatilia mgonjwa wa kifua kikuu asiache dawa. Anampima shinikizo la damu bibi aliyekuja kwa kichwa kinachouma. Jioni anazalisha. Na katikati ya hayo yote anaamua jambo lililo gumu kuliko yote: huyu naweza kumhudumia mwenyewe, na huyu lazima aondoke sasa hivi.

Mjamzito mwenye kichwa kinachouma sana, macho yenye ukungu na miguu iliyovimba huenda anaelekea kwenye kifafa cha mimba. Aliyejifungua na damu haikatiki ana saa chache tu za kuokolewa. Mwenye jicho la kuyatambua hayo mapema ndiye anayewapa kazi wataalamu wote wa Musoma na Mwanza. Asipomtambua yeye, wao watampokea maiti. Siku hizi iko huduma ya m-mama, iliyozinduliwa kitaifa mwaka 2022, ambapo simu ya bure 115 hupigwa ili mama mwenye dharura au mtoto mchanga apate usafiri. Lakini simu haijipigi. Inangoja mtu ajue kwamba sasa ni wakati wa kuipiga.

Kwa hiyo, mpenzi wetu wa Butiama, kuwa muuguzi wa kila kazi nao ni utaalamu, tena wenye matawi mengi. Kama utasomea wagonjwa mahututi, ujue utakuwa umeamua kuhama, kwa kuwa zahanati haina kitanda cha mahututi. Kuhama si dhambi. Ila fanya hivyo kwa kujua, usije ukashangaa baadaye.

Hata hivyo hatumwambii mtu ajitoe sadaka milele ili kijiji kipone, halafu asipande daraja hata siku moja. Hilo nalo ni dhuluma. Zipo elimu zinazomfuata huko huko alipo. Afya ya akili ni mojawapo, kwa kuwa wagonjwa wa kifafa na wa huzuni nzito wako vijijini, na wengi hupelekwa kwa waganga kwanza. Nyingine ni selimundu. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nchini kila mwaka na ugonjwa huu, na Kanda ya Ziwa yetu ni mojawapo ya maeneo yanayoathirika zaidi. Mtoto anayelia mifupa kila mara na macho yake ni ya manjano, nani atamshuku mapema kama si muuguzi wa zahanati? Na shahada ya kwanza ya uuguzi, ambayo haimfungi kwenye tawi moja, humpandisha cheo bila kumwondoa kwa wagonjwa wake.

UTAALAMU NAO HUZEEKA

Liko jambo jingine la kuangalia kabla ya kuchagua, na kulieleza tutaelekea kaskazini kidogo, Shirati katika wilaya ya Rorya. Wamisionari wa Kimenoni walifika pale mwaka 1934, na hospitali yao ikajulikana kote Mara. Palikuwa na kituo cha wagonjwa wa ukoma, na kuwauguza hao kulikuwa utaalamu wa pekee. Kuanzia miaka ya 1980 zikaja dawa za ukoma zinazotolewa kwa pamoja, wagonjwa wakatibiwa nyumbani kwao, na mwaka 2006 Tanzania ikafikia kiwango cha chini ya mgonjwa 1 katika kila watu 10,000. Ukoma haujaisha kabisa, lakini wodi za ukoma hazijazi tena.

Je, aliyekuwa mtaalamu wa ukoma alipoteza kazi? Aliyejua kumeza kanuni bila kujua sababu zake, huenda. Lakini aliyeelewa kwamba mguu uliokufa ganzi hauhisi msumari, na kwamba kidonda lazima kioshwe, kipumzishwe na kikaguliwe kila siku, huyo leo ana wagonjwa tele. Mguu wa mgonjwa wa kisukari hufa ganzi vivyo hivyo. Ujuzi ule ule umepata mgonjwa mwingine.

Kwa hiyo chagua tawi, lakini usikate shina. Mtaalamu wa macho asisahau kupima shinikizo la damu, wala mtaalamu wa akili asisahau dalili za malaria kali. Dawa hubadilika, mashine hubadilika, sera hubadilika. Shina la uuguzi ndilo litakalokubeba.

MEZANI NYUMBANI

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo vyuo havifundishi. Muuguzi aliyeolewa haamui peke yake, na hapaswi kuamua kwa siri. Tumesikia habari za mama aliyeficha barua ya kuitwa chuoni chini ya godoro mpaka juma la kuondoka. Barua ile ilipoonekana haikuwa tena habari ya masomo, ikawa habari ya uaminifu. Mwambie baba watoto tangu siku unapoanza kufikiri, kabla hujajaza fomu.

Msikilize pia hofu yake, maana mara nyingi haisemi kwa jina lake halisi. Atasema ada ni kubwa, kumbe anaogopa kwamba mke akipata shahada atamdharau, au atapata wa huko huko mjini. Usimcheke. Zungumzeni mpaka hofu itoke nje mkaione. Wapo pia waume wa upande wa pili, wanaomsukuma mke aende asome huku wakihesabu mshahara mpya kabla hajafanya hata mtihani mmoja. Huyo naye aambiwe kwa upole kwamba masomo ni miaka ya kutoa, na kupokea huja baadaye, pengine kwa kuchelewa.

Andikeni hesabu kwenye daftari: ada, chumba, nauli za kurudi nyumbani, sare, vitabu, na mshahara wa yaya. Ulizeni kama mshahara wako utaendelea ukiwa masomoni na kama mwajiri atachangia, na jibu mlipate kwa maandishi. Msiuze shamba la watoto kwa ajili ya kozi ambayo hamjahakikisha kama inatambuliwa.

Angalieni na umri wa watoto. Mtoto anahitaji ziwa la mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, na kuendelea kunyonya pamoja na chakula kingine hadi miaka 2. Kama unaye wa miezi minne mgongoni, chuo kinaweza kungoja mwaka mmoja. Mwaka ambao mkubwa anafanya mtihani wa darasa la saba au kidato cha nne nao ufikirieni. Na kama mama mkwe ndiye atakayebaki na watoto, aulizwe, asiamriwe. Bibi aliyeombwa kwa heshima huwalea wajukuu kwa moyo; aliyetupiwa huwalea kwa manung’uniko, na watoto huyasikia.

MASWALI MATANO KABLA YA KUJAZA FOMU

Haya tumeyaweka pamoja ili uyakate na kuyaweka kwenye Biblia yako au kabatini:

1. Mgonjwa ninayetaka kumhudumia ni nani, na ninaweza kukaa naye miaka kumi bila kumchoka?

2. Mahali nitakaporudi pana wodi yake, vifaa vyake na dawa zake? Kama havipo leo, ni nani ameahidi kuvileta, na ameandika wapi?

3. Mwajiri amekubali kwa maandishi kunipanga katika kazi niliyoisomea nitakaporudi, na nitakuwa na mwenzangu wa kupokezana naye?

4. Kozi hii inatambuliwa na Baraza, na katika utumishi wangu inahesabiwa kuwa elimu ya juu zaidi au cheti cha ujuzi tu?

5. Nyumba yangu imekubali, au imenyamaza tu? Kunyamaza si kukubali.

Ukipata majibu mazuri katika manne kati ya matano, nenda kwa amani. Ukipata mawili, ngoja, lakini usikae bure. Omba kubaki katika wodi moja. Waombe wenzako mfanye mazoezi mafupi kila juma, kama walivyofanya Haydom. Jifunze kwa aliyekutangulia. Fomu zitatoka tena mwakani.

Kwa mwenzetu wa Musoma, basi, tunasema: watoto wachanga wanakungoja, anza nao leo wodini, na chuo kifuate. Kwa mwenzetu wa Bunda: nenda, lakini usikubali kuwa peke yako. Na kwa mwenzetu wa Butiama: ukiamua kusoma, soma kile kitakachokurudisha kwa watu wako ukiwa na mkono wenye nguvu zaidi, na ukiamua kubaki, baki ukiwa umenyoosha kichwa. Mama anayeshika tumbo lake usiku katika kijiji kisicho na taa haulizi cheti chako ni cha tawi gani. Anauliza kama upo, na kama unajua la kufanya.